Jean Auel hakuwa mwanaakiolojia: jibu kwa mwalimu wa Iringa

Mwalimu mmoja wa sekondari mkoani Iringa ameniandikia hivi: "Nimemaliza kusoma riwaya ya The Clan of the Cave Bear (Ukoo wa Dubu wa Pangoni) ya Jean Auel, nakala niliyoazimwa na mwenzangu. Nimelia mara mbili. Naomba kujua: huyu mama alikuwa mtaalamu wa mambo ya kale au alitunga tu? Yale anayoyasema juu ya Waneandertali, wale watu wa kale waliotoweka, niyaamini kiasi gani? Nauliza kwa sababu nimekulia karibu na Isimila, nimeyaona yale mashoka ya mawe tangu utotoni, na nina hamu ya kuandika riwaya ya watu walioyachonga."

Mwalimu, barua yako imenifurahisha, maana nami nilikisoma kitabu hicho nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, na ndicho kilichonifanya niache kuyaona mawe kuwa mawe tu. Nitakujibu kwa kirefu.

Hakuwa mwanaakiolojia. Jean Marie Untinen alizaliwa Chicago tarehe 18 Februari 1936, mtoto wa pili kati ya watano, katika familia yenye asili ya Ufini. Aliolewa na Ray Auel akiwa msichana aliyetoka tu shuleni, na kabla hajatimiza miaka 25 alikuwa na watoto watano. Wakahamia Oregon, magharibi ya Marekani. Huko akaajiriwa na Tektronix, kampuni ya vifaa vya elektroniki. Alianza kama karani, akawa mchoraji wa mbao za saketi, kisha mwandishi wa maelezo ya kiufundi, mwisho meneja wa mikopo. Alikuwa akisoma masomo ya jioni huku akilea, na mwaka 1976 akapata shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara kutoka Chuo Kikuu cha Portland. Akaacha kazi akiwa na miaka 40, akitafuta kazi nyingine iliyo bora zaidi.

Badala ya kazi likamjia wazo. Usiku mmoja wa Januari 1977 alikaa kuandika hadithi fupi juu ya msichana anayeishi na watu wasiofanana naye, ambao machoni pao yeye ndiye wa ajabu. Wanamvumilia kwa sababu anamtunza mzee mmoja mwenye mkono uliolemaa. Hakufika mbali akagundua hajui chochote. Watu hao walivaa nini? Walikula nini? Moto waliuwashaje? Kesho yake akaenda maktaba, akarudi na mzigo wa vitabu.

Humo ndimo alimokutana na Shanidar, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu kitabu kizima kimeota kutoka kwenye udongo wa pango hilo.

Shanidar ni pango lililoko milima ya Wakurdi, kaskazini mwa Iraq. Mwanaakiolojia Ralph Solecki alilichimba miaka ya 1950 hadi 1960 na kupata mifupa ya Waneandertali kadhaa. Mmoja wao, anayeitwa Shanidar 1, alikuwa mwanamume aliyeishi miaka mingi baada ya kuumia vibaya. Upande wa kushoto wa uso wake ulipigwa na kitu, na huenda jicho hilo lilipofuka. Mkono wake wa kulia ulinyauka, na sehemu ya chini haikuwapo kabisa. Alikuwa akichechemea. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2017 ukaonyesha pia kwamba masikio yake yalikuwa yameziba kwa mfupa uliokua ndani, yaani alikuwa kiziwi au karibu na kiziwi. Mtu wa namna hiyo hawezi kuwinda peke yake. Hakuna namna angefika umri ule kama wenzake wasingekuwa wanamgawia chakula na kumsubiri njiani.

Auel alishamwandika mzee wake mwenye mkono mbovu kabla hajajua kwamba yuko. Alipomkuta kwenye kitabu cha Solecki alimtambua. Huyo ndiye Creb unayemjua wewe, mganga mkuu wa ukoo, chongo, mwenye mkono mmoja, anayemchukua mapajani Ayla, yule msichana aliyelelewa na Waneandertali. Ukimlilia Creb, Mwalimu, ujue umelilia mtu ambaye mifupa yake ipo.

Kaburi jingine la Shanidar, la nne, lilikuwa na chavua nyingi za maua kwenye udongo wake. Mtaalamu wa chavua Arlette Leroi-Gourhan alizichambua, na zikaonekana ni za mimea ambayo mingi ni dawa. Solecki akahitimisha kwamba maiti alizikwa juu ya maua. Kumbuka ile sura ambapo Iza anafariki na Ayla anakwenda kuchuma mimea yote ambayo mama yake wa kulea aliitumia kuponya watu, akaipanga kaburini. Sura hiyo imetoka moja kwa moja kwenye chavua za Shanidar.

Je, ni kweli walizika kwa maua? Wataalamu wamebishana tangu hapo. Wapo waliosema panya wachimbao mashimo ndio walioingiza vichwa vya maua pangoni kama akiba ya chakula. Wengine, wa karibuni zaidi, wanawataja nyuki wanaojenga viota ardhini. Uchimbaji mpya umefanyika Shanidar katika miaka ya hivi karibuni na mifupa mingine imepatikana, na hoja ya kwamba maiti waliwekwa pale kwa makusudi bado ina nguvu. Maua ndiyo yenye shaka. Mimi naona Auel hakukosea kuyatumia: mwaka 1977 hayo ndiyo yaliyokuwa mezani mwa wataalamu wenyewe.

Ila vitabu havikumtosha, na hapo ndipo anaponigusa zaidi. Alijiandikisha kwenye mafunzo ya kuishi porini, akajifunza kuchimba pango kwenye theluji na kulala humo. Akamtafuta Jim Riggs, bingwa wa ufundi wa kale, akamfundisha kuwasha moto bila kiberiti, kulainisha ngozi na kuchonga mawe. Ndiyo maana unaposoma sura ya Droog, mtengeneza zana wa ukoo, mkono wako unasikia.

Ngoja nikueleze kitu kuhusu kuchonga jiwe, maana wanaosoma tu hawakijui. Jiwe zuri huanza kwa sauti. Ukiligonga na linalia kama kikombe cha udongo kilichochomwa vizuri, lina uzima ndani. Likitoa mlio mzito uliokufa, lina ufa, liache. Kisha unatafuta ukingo wenye pembe kali kidogo, isiyofika nyuzi 90, na unapiga karibu na ukingo huo kwa jiwe la mviringo, mkono ukishuka kwa uhuru. Ukipiga katikati unavunja. Ukipiga ukingoni kwa pembe sahihi, kipande kinabanduka upande wa chini, kule usikokuona, na kinakuangukia kiganjani kikiwa na moto kidogo. Mara ya kwanza nilipofanikiwa nilikuwa nimeshajikata kidole gumba na sikujua, hadi nilipoona damu kwenye jiwe. Makali yake ni ya namna hiyo. Auel aliandika akiwa amekwisha kuyajua hayo kwa vidole vyake, na msomaji anamwamini hata asipojua kwa nini.

Rasimu ya kwanza ilifika maneno 450,000 hivi. Aliposoma alichoandika aliona hakifai, na pia akaona humo mna vitabu sita, si kimoja. Akaanza upya na sehemu ya kwanza. Kupitia wakala wake wa New York, Jean Naggar, kampuni ya Crown ililipa dola 130,000 kwa riwaya ya mtu asiyejulikana, kiasi ambacho kwa wakati ule hakikuwa kimewahi kutolewa kwa riwaya ya kwanza. Ikatoka mwaka 1980. Ya pili ilifuata 1982, ya tatu 1985, ya nne 1990. Kisha wasomaji wakasubiri miaka 12 hadi ya tano, mwaka 2002, na ya sita, ya mwisho, ikatoka 2011. Mfululizo mzima umeuza zaidi ya nakala milioni 45 duniani. Filamu ya kitabu cha kwanza, ya mwaka 1986, unaweza kuiacha.

Sasa swali lako la pili, uamini kiasi gani. Nitakwambia palipobomoka na palipojengeka.

Ibada ya dubu, ambayo imekipa kitabu jina lake, imebomoka. Chanzo chake ni pango la Drachenloch, juu kabisa kwenye milima ya Uswisi, ambako Emil Bächler alichimba kati ya 1917 na 1923 na kusema amekuta mafuvu ya dubu yamepangwa ndani ya masanduku ya mawe. Leo wengi wanaona kwamba dubu walikufa humo wenyewe wakiwa wamelala usingizi wa baridi, na kwamba maji, mawe yanayoporomoka na dubu wengine ndio waliosogeza mifupa.

Lugha ya ishara nayo haisimami vizuri. Ukoo wa Creb huongea kwa mikono na kutoa sauti chache tu. Mwaka 1971 kulikuwa na watafiti waliohoji kwamba koo la Mneandertali lisingeweza kutamka irabu zetu zote, na Auel akajenga juu ya hapo. Lakini mwaka 1983, katika pango la Kebara huko Israel, ukapatikana ule mfupa mdogo wa shingoni unaoshikilia ulimi, na ukawa karibu sawa na wetu. Mwaka 2007 wakakuta pia kwamba jeni moja inayohusika na usemi, FOXP2, ilikuwa kwao kama ilivyo kwetu. Hatujui walisema nini, ila kuwafanya karibu mabubu ni kuwapunja.

Tarehe pia zimesogea. Hadithi imewekwa karibu miaka 30,000 iliyopita, lakini vipimo vya sasa vinasema Waneandertali walikwisha kutoweka miaka 40,000 hivi iliyopita. Na katika kitabu cha tatu, zile nyumba za mifupa ya mamothi, tembo wa kale wenye manyoya, zimechukuliwa kutoka Mezhirich nchini Ukraine, ambako mkulima alikuwa akipanua ghala lake chini ya nyumba mwaka 1965, akakuta taya la mamothi. Nyumba zile zina miaka 15,000 hivi. Auel amezivuta nyuma sana. Farasi wa Ayla ndio usiseme: ushahidi wa kwanza wa binadamu kufuga farasi hauvuki miaka 6,000 iliyopita.

Palipojengeka ni pale ambapo wengi walimcheka. Ayla anazaa mtoto, Durc, ambaye baba yake ni Mneandertali. Mwaka 1980 wataalamu wengi walikuwa hawakubali kwamba aina hizo mbili zilizaa pamoja. Mwaka 2010 kundi la Svante Pääbo huko Leipzig lilisoma vinasaba vya Waneandertali na kukuta kwamba watu wa nje ya Afrika wanabeba kati ya asilimia 1 na 4 ya vinasaba hivyo. Uchunguzi wa 2020 ukaonyesha kwamba hata sisi Waafrika tunacho kiasi, ingawa ni kidogo zaidi, kwa sababu wapo waliotoka wakarudi. Nchini Romania limepatikana taya la mtu aliyekuwa na babu au bibi Mneandertali vizazi vinne hadi sita tu nyuma yake. Na mwaka 2018, kutoka kipande cha mfupa kilichopatikana pango la Denisova huko Siberia, akatambuliwa binti wa miaka kama 13 ambaye mama yake alikuwa Mneandertali na baba yake Mdenisova, jamii nyingine kabisa ya watu wa kale. Huyo si uzao wa mbali, ni chotara wa kizazi cha kwanza. Durc alikuwa wa kubuni, lakini watoto wa namna yake walizaliwa, wakanyonyeshwa, wakakua.

Kuna jambo moja najua limekukwaza hata kama hukuliandika, kwa kuwa lilinikwaza mimi. Ayla ana nywele za dhahabu na macho ya buluu, na Ukoo ndio weusi-weusi, wafupi, wenye akili inayotazama nyuma. Nilipokuwa kijana nilikisoma hivyo hivyo nikanyamaza. Sasa najua kwamba ni kinyume. Binadamu wa sasa waliofika Ulaya walitoka Afrika, na rangi yao hawakuiacha mpakani. Vinasaba vya mwindaji wa La Braña huko Hispania, aliyeishi miaka 7,000 tu iliyopita, vinaonyesha mtu mwenye ngozi nyeusi na macho ya buluu. Kama alikuwa hivyo miaka 7,000 iliyopita, wa miaka 30,000 iliyopita hatuna sababu ya kumpaka rangi ya dhahabu.

Tena lilikuwa jambo linalowezekana kufikiriwa wakati ule ule. Björn Kurtén, bingwa wa visukuku kutoka Ufini na mtaalamu mkubwa wa dubu wa mapangoni, alitoa riwaya yake mwaka 1978, miaka miwili kabla ya Auel, na humo Waneandertali ndio weupe na wageni ndio weusi. Alifikiri kwa jua tu: waliokaa Ulaya muda mrefu, wenye mwanga hafifu, ndio wangepauka, na waliotoka kusini wangekuja na weusi wao. Kurtén alikuwa na elimu, Auel alikuwa na mazoea ya jirani zake. Nampenda Auel, lakini hapa alishindwa, na ukiwasomea wanafunzi wako kurasa hizo waambie.

Kwa vitabu vya baadaye nitakuwa mfupi. Ayla anazidi kuwa mgunduzi wa kila kitu, anafuga farasi, anafuga mbwa mwitu, anagundua namna ya kuwasha moto kwa mawe, hadi unajiuliza wengine walikuwa wakifanya nini. Cha sita kinatembelea pango baada ya pango na kurudia salamu zile zile ndefu. Lakini mapango yenyewe aliyaona kwa macho. Alikwenda Ufaransa tena na tena, akashika mwiko kwenye uchimbaji wa Jean-Philippe Rigaud, akatembea na wataalamu wa michoro ya mapangoni, na serikali ya Ufaransa ikampa nishani ya sanaa na fasihi. Nikichagua kimoja tu, ni hicho ulichokisoma. Huko Marekani kilipigiwa kelele kwenye maktaba za shule kwa sababu ya jinsi Broud, mwanamume wa ukoo, anavyombaka Ayla. Ukitaka kukipeleka darasani soma sura hizo kwanza wewe mwenyewe, uamue kwa umri wa watoto wako.

Sasa Isimila yako. Wewe una bahati ambayo Auel alisafiri bahari kuitafuta. Ila tambua ugumu ulioko. Auel alikuwa na Shanidar 1, mtu mwenye mkono mbovu na jicho bovu. Isimila ina mashoka kwa mamia, yanayokadiriwa kuwa na miaka 260,000 hivi, na mifupa ya wanyama, akiwamo kiboko wa aina iliyotoweka ambaye macho yake yalichomoza juu ya kichwa. Mfupa wa binadamu haujapatikana pale. Hutakuwa na sura ya kuanzia. Utakuwa na mikono tu, kwa sababu mikono imeacha alama kwenye kila jiwe.

Ukitaka mtu, shuka miaka mingi mpaka pwani ya Kenya, pango la Panga ya Saidi, Kilifi. Watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao walikuta humo kaburi la mtoto wa kati ya miaka miwili na nusu na mitatu, lenye miaka 78,000, kaburi la kale kuliko yote ya binadamu wa sasa yanayojulikana Afrika. Wamempa jina la Mtoto. Alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa hadi kifuani. Mifupa ya juu ilivyokaa inaonyesha alikuwa ameviringishwa na kitu kilichooza, na kichwa kilivyoinama kinaonyesha kulikuwa na kitu chini yake, kama mto. Mifupa ilikuwa laini kiasi kwamba walilitoa bonge zima la udongo likiwa limefungwa kwa plasta. Habari zake zilichapishwa mwaka 2021. Kuna mtu alitafuta majani au ngozi, akaikunja, akaiweka chini ya kichwa cha mtoto aliyekwisha kufa. Nami sijui riwaya gani ya Enzi ya Barafu ina ukurasa unaoushinda huo.

Kwa hiyo ufanye alivyofanya yeye. Nenda Isimila siku isiyo na wageni wengi, mwombe mwongoza wageni akae nawe kwenye korongo hadi jua linaposhuka, uone kivuli kinaanzia upande gani. Usiokote kitu, hata kipande kidogo, maana jiwe likihamishwa limepoteza nusu ya habari zake. Kisha tafuta jiwe la kawaida la mtoni, ujifungie uani na miwani ya kulinda macho, ujaribu kulichonga wiki nzima. Halafu yatazame tena yale mashoka makubwa mno, ambayo mkono wa mtu hauwezi kuyatumia kwa raha. Sisi wataalamu tumebishana miaka mingi ni ya nini. Wewe huna haja ya kushinda ubishi huo, unahitaji tu mhusika mmoja ambaye siku ile alikuwa na sababu ya kulichonga kubwa hivyo.

Ukimaliza sura ya kwanza nitumie. Nitaisoma na penseli mkononi, na jambo la kwanza nitakalokuuliza ni jiwe lake alilitoa wapi na alilibebaje.